Namna ya Kumpoteza Mgeni wa Kiwengwa kwa Ramani

Una nyumba ya wageni Kiwengwa, Unguja, vyumba sita, makuti mapya, na tovuti uliyotengenezewa na mpwa wako likizo ya skuli. Sasa unataka kile kisanduku: mgeni anaandika alipo, anabonyeza, ramani inamuonesha njia mpaka mlangoni kwako. Vizuri sana. Vuta kiti, nikufundishe kukikosea kwa heshima.

1. Usipime. Kazi yenyewe, mafundi huiita jiokodi, ni kugeuza jina la mahali kuwa namba mbili: latitudo na longitudo. Kiwengwa ni kama -5.99 na 39.38. Asiye na shughuli angesimama mlangoni kwake na simu, akanakili namba zote mpaka ya mwisho. Wewe una shughuli. Chukua hizi zangu za mkato. Zinaweza kukosea nusu kilomita, na nusu kilomita upande wa mashariki ni bahari, lakini si neno. Maji yakitoka, mgeni atawakuta kina mama wameinama kwenye kamba zao za mwani. Watamuelekeza.

2. Futa kile kistari. Kiko mbele ya 5.99 kwa sababu sisi tuko kusini ya ikweta, na kinaharibu sura ya ukurasa. Ukikiondoa, nyumba yako inahamia kusini mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa, ambako hakuna papasi wa kumgombania mgeni wako.

Ethiopia haikuvutii? Basi pindua mpangilio. Hapa mafundi wenyewe wamekurahisishia: ramani za Google hutaka latitudo itangulie, faili za GeoJSON hutaka longitudo itangulie. Mlishe huyu chakula cha yule, na Kiwengwa inatua Extremadura, magharibi ya Hispania, jirani na mji wa Trujillo. Wale Waitaliano wanaoijaza pwani yetu watafika kwa gari. Umewaokolea nauli ya ndege! Na ukiacha sifuri na sifuri, unapata maji matupu ya Ghuba ya Guinea, mahali ambapo watu wa ramani wamepabandika jina la utani, Null Island, kisiwa kisichokuwepo. Huko hata malalamiko hayafiki.

3. Usimbane mgeni. Akiandika Pongwe, jirani yako wa kusini, iache programu impeleke Pongwe ya Tanga, ng'ambo ya mkondo. Mpwa atakwambia mstari mmoja tu wa msimbo unatosha kufunga utafutaji ndani ya Unguja. Mkatalie. Leo mstari mmoja, kesho atataka umlipe.

4. Tumia cha bure mpaka wakufukuze. Nominatim, kitafutio cha OpenStreetMap, hakidai senti. Kinaomba adabu tu, ombi lisizidi moja kwa sekunde. Wewe tuma kwa kila herufi: K, Ki, Kiw. Wakishakufungia, hamia Google, ambao tangu 2018 wanataka kadi ya benki. Usiwape. Ramani itaingia kiza, itajaa maandishi ya kusema ni ya majaribio. Sema ni mandhari ya usiku. Ukishikwa na huruma ukatoa kadi, basi ufunguo wako, ile namba ya siri wanayokupa Google ya kuitia ramani yao, uache wazi ukurasani. Wapita njia watajipakulia, bili ije kwako. Ukarimu ni asili yetu.

5. Kuanzia 2016 droni zilipita juu ya Unguja na Pemba zikipiga picha za kutengenezea ramani, mnazi mmoja mmoja unaonekana. Kamisheni ya Ardhi na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walikuwemo. Usizifungue picha hizo. Utaliona paa lako, na udhuru utakuwa umekwisha.

6. Sasa siri yenyewe. Usiunganishe kitu chochote. Mgeni aandike atakacho, jibu liwe lile lile: "Dakika 50." Ila kabla ya jibu weka kigurudumu kizunguke sekunde tatu. Jibu la papo hapo watu hulitilia shaka. Linalochelewa kidogo wanajua limefikiriwa.

Niliwahi kumfanyia hivyo bwana mmoja wa pwani hii. Akajaribu Forodhani, dakika 50. Akajaribu uwanja wa ndege, dakika 50. Akaandika jina la mamake, kigurudumu kikazunguka, dakika 50. Akanitazama. "Mashaallah," akasema, "hii inajua mpaka kwa mama." Akanilipa siku ile ile.

Wageni wake walikuja, kwani nani alisema hawatakuja? Nilikuwemo kwenye daladala namba 117 siku aliposhuka mmoja, begi mgongoni, simu imenyooshwa mbele kama tochi, akageuka kulia, akageuka kushoto. Konda hakushuka. Akamuonesha kwa kidevu: pale, penye Vespa.