Umeua Difu Moja, Usiue ya Pili

Kabla hujamruhusu mtu ashike spana, hakikisha aliyekufa ni difu kweli. Beringi ya gurudumu ikichoka huvuma, na mvumo hubadilika ukiyumbisha usukani. Sivii jointi hugonga ka-ka-ka kwenye kona kali. Difu ya mbele hufuata mguu wako: ukikanyaga mafuta inalia hivi, ukiachia inalia vile. Fundi anayesikia mvumo akiwa amekaa kibandani na kutamka "difu hiyo, lete hela" ni mpiga ramli. Mtafute anayetaka kuliendesha gari kwanza.

Tuchukue Subaru Forester ya otomatiki ya gia nne, ya miaka ya 2002 hadi 2007, iliyojaa Nairobi na Dar es Salaam. Difu yake ya mbele imo ndani ya bodi moja na giaboksi, lakini ina oili yake peke yake: 75W-90 ya daraja la GL-5, lita moja na kidogo. Ina hata kijiti chake cha kupimia, kimejificha chini nyuma ya injini, na wako watu wanaouza gari bila kuwahi kukigusa. Uvunguni kuna nati tatu za kumwagia oili: ya injini, ya giaboksi na ya difu. Hapo ndipo mwenye haraka anapofanya mauaji. Anafungua ya difu akidhani ni ya injini, anaifunga, kisha anajaza injini ambayo haikumwagwa. Gari linaondoka na injini iliyovimbiwa na difu isiyo na tone. Basi muuaji atafutwe kabla ya spea: ni nati isiyo yake, sili iliyovuja, au oili isiyobadilishwa tangu meli ilipoliteremsha gari bandarini?

Mwaga oili kwenye karai safi, pitisha sumaku. Uji laini wa kijivu ni uchakavu tu. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno, na hapo gari lisisogee tena. Libebwe juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa hewani.

Sasa twende kwenye spea: Gerezani ukiwa Dar es Salaam, au Grogan ukiwa Nairobi. Difu hii haitolewi peke yake kama ya nyuma, kwa hiyo wengi hununua giaboksi nzima ya mtumba. Muuzaji atakuapia kwamba "zote ni sawa". Si sawa hata kidogo! Kuna za 4.11, yaani meno 37 ya krauni kwa 9 ya pinioni, na za 4.44, meno 40 kwa 9. Ukiweka 4.11 mbele na 4.44 ikabaki nyuma, ekseli mbili zitavutana kwa takriban asilimia nane kila unapotembea, hadi klachi inayogawa nguvu nyuma ya giaboksi iungue. Linganisha na difu yako ya nyuma kabla ya kutoa hata shilingi.

Ukiamua kufungua bodi na kuunda upya, krauni na pinioni zinunuliwe pamoja. Zilisagwa pamoja kiwandani na hazikubali mwenzi mpya. Vile vikombe viwili vya nyuzi pembeni, vinavyoshika beringi na sili, ndivyo vinavyopanga nafasi kati ya meno. Hata kama unabadilisha sili tu, piga alama na uhesabu mizunguko wakati wa kufungua, uirudishe hiyohiyo wakati wa kufunga. Anayekaza "mpaka igome" mfukuze, awe mjomba wako au asiwe.

Tairi nne ziwe za saizi moja na uchakavu unaolingana. Subaru huruhusu tofauti ya takriban milimita sita tu kwenye mzingo. Tairi moja mpya kwa tatu vipara inatesa kila kitu ulichokwisha kulipia. Jaza oili, endesha taratibu siku za mwanzo, kisha uimwage mapema na uipitishie sumaku tena.