Namna ya Kushinda Ubishi wa Kanisa la Kweli

Ubishi huu mara nyingi hauanzii kanisani. Huanzia msibani, usiku wa pili, chini ya turubai, chai ya rangi ikiwa imeshapita mara mbili na wazee wanasinzia kwenye viti vya plastiki. Ndivyo nilivyouona kwenye matanga ya shangazi yangu. Alibatizwa Mlutheri, akaolewa kwa Wakatoliki, na miaka yake ya mwisho, miguu ilipomgomea, alisali kokote alikoweza kufika bila kupanda kilima. Usiku ule alikuwa amelala ndani, na nje mashemeji wawili walitaka kujua atazikwa na nani.

"Shemeji, fungua Mathayo 16."

"Nimeshafungua, shemeji. Soma wewe, mstari wa 18."

"Haya, nimesoma. Mwamba hapo ni nani?"

Ilipofika saa nane za usiku walikuwa bado kwenye mwamba. Wajukuu waliokuwa wakiimba pambio walinyamaza ili wasikilize. Hakuna aliyekuwa akimtaja marehemu tena.

Tangu siku hiyo nimeukuta ubishi huo huo kwenye basi la mkoani, kwa kinyozi, hata kwenye kikao cha harusi, na kanuni zake sasa nazijua. Naziandika hapa kwa yeyote anayetaka kushinda. Sifichi nia yangu: nataka akizimaliza aone haya, kwa kuwa nalipenda Kanisa na nimechoka kuona Maandiko yakigeuzwa fimbo.

Kanuni ya kwanza, na ndiyo mama wa nyingine zote, ni kujua mahali pa kufunga Biblia.

Ukiwa Mkatoliki, Mathayo 16 ni uwanja wako wa nyumbani. Anza mstari wa 18, Simoni anapopewa jina na Kanisa linapoahidiwa. Endelea na wa 19, penye funguo za ufalme. Kisha mpeleke mwenzako Isaya 22:22, ambako Eliakimu anawekewa begani ufunguo wa nyumba ya Daudi, umwoneshe kwamba mshika funguo wa mfalme alikuwa na cheo, na cheo hicho alipotolewa mmoja aliwekwa mwingine. Hoja hii ina nguvu, na Mprotestanti anayeicheka hajaifikiria. Lakini ukitaka ushindi, funga kitabu hapo hapo. Ukiteremka hadi mstari wa 23 utamkuta Petro yule yule akiitwa Shetani na kuamriwa arudi nyuma. Usisonge hadi 18:18 pia, maana pale uwezo wa kufunga na kufungua wanapewa wanafunzi kwa pamoja. Na waraka kwa Wagalatia usionekane kabisa: katika sura ya 2 Paulo anasimulia alivyompinga Kefa uso kwa uso kule Antiokia, kisa Kefa alijitenga na watu wa mataifa asile nao sahani moja.

Ukiwa Mprotestanti, kimbilia Kigiriki. Sema kwamba Petros ni jiwe na petra ni mwamba, kwa hiyo Yesu alitaja vitu viwili tofauti. Sema haraka, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kisha uombe asiwepo wa kukukumbusha kwamba Yesu na wale wavuvi waliongea Kiaramu, na Kiaramu kina neno moja tu, kefa, kwa jina na kwa mwamba. Kwamba Kigiriki kisingempa mwanamume jina lenye umbo la kike. Na kwamba Paulo, ambaye unampenda kuliko mitume wote, kwa kawaida humwita Petro kwa jina hilo hilo la Kefa.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili hata mchezo huo wa maneno hatuusikii. Mfaransa akisoma, Pierre na pierre hugongana masikioni mwake. Kwetu Petro ni Petro na mwamba ni mwamba, hayafanani hata herufi ya kwanza. Mashemeji zangu, mmoja fundi seremala na mwingine mwalimu wa hesabu, walikesha wakigombania sauti ambayo lugha yao haina, na ambayo hawajawahi kuisikia katika lugha yake.

Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, uzeeni alipitia upya vitabu vyake vyote. Alipofika kwenye mwamba aliandika kwamba zamani alieleza kuwa ni Petro, kisha baadaye mara nyingi akaeleza kuwa ni Kristo aliyekiriwa na Petro, akamwachia msomaji achague. Kila nikiukumbuka unyenyekevu huo moyo wangu hutulia. Wakatoliki wanamwita mtakatifu, Luther alikuwa mtawa wa shirika lililobeba jina lake, na pande zote mbili humnukuu kila siku. Kwenye jambo hili wanamruka.

Kanuni ya pili inahusu Biblia na mapokeo. Hapa kuna nyaraka mbili zilizoandikwa kwa kijana mmoja, na kila upande huchukua wake. Anayesema Biblia pekee huchukua 2 Timotheo 3:16, kwamba Maandiko yana pumzi ya Mungu. Anayesema Kanisa kwanza huchukua 1 Timotheo 3:15, kwamba Kanisa ndilo nguzo na msingi wa kweli. Nyaraka hizi zimepakana, na umbali kati ya mistari hiyo miwili ni kurasa chache, ila wabishi wazuri hawavuki.

Anayeshika ya kwanza asiulizwe nani alipanga orodha ya vitabu iliyoko mwanzoni mwa Biblia yake. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tunavyovihesabu, inaonekana kwa mara ya kwanza katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Mpaka leo hesabu ya Biblia nzima hailingani: Waprotestanti 66, Wakatoliki 73, Waorthodoksi wa Ethiopia 81. Na anayeshika ya pili asiulizwe kwa nini Matendo 17:11 yanawasifu Waberoya, waliomsikia mtume mzima, Paulo, kisha wakaenda kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli. Hawakuambiwa wana kiburi.

Kanuni ya tatu ni ya vibao vya makanisa, nami sitakaa nayo. Kuna ndugu wa Kanisa la Kristo atakayekuonesha Warumi 16:16 kuthibitisha kwamba jina la kanisa lake ndilo pekee lililoandikwa. Msabato atakufungulia fungu la Ufunuo 12:17. Mlokole atakupeleka Matendo 2 akuulize kama umenena kwa lugha. Wote waruke 1 Wakorintho 1:12, ambako Paulo anawalaumu waliogawanyika kuwa wa Paulo, wa Apolo na wa Kefa, na katika lawama hiyo hiyo wamo waliojiita wa Kristo.

Kanuni ya nne ni ngumu kwetu sisi wa huku. Ukitaka kuwa na hakika kwamba kanisa lako ndilo la kweli kwa sababu ya Mathayo 16, usimwulize babu yako alibatizwa vipi. Kule Kilimanjaro, wamisionari Wakatoliki walijenga Kilema na Kibosho, Walutheri wa Leipzig wakajenga Machame na Mamba, mwishoni mwa karne ya 19. Mpaka leo ukitaja kijiji cha mtu pale mlimani, wenyeji wanaweza kukisia anasali wapi. Kibosho na Machame ni majirani. Mababu waliokuwa wakichunga mbuzi kwenye makorongo yale hawakukaa kulinganisha hoja za Roma na za Wittenberg wakachagua. Walimpata mwalimu aliyefika, wakasoma, wakampenda Yesu kwa moyo, wakatuachia sisi. Naona hilo ni neema kubwa, na linatosha kumfanya mtu anyanyue mkono taratibu kabla ya kumwambia jirani wa upande wa pili kwamba amepotea.

Nisieleweke vibaya. Sisemi makanisa yote ni sawa, wala swali la mamlaka ni la kijinga. Kuna watu walioliuliza kwa machozi. Juni 1913, kule Kikuyu nchini Kenya, wamisionari wa Anglikana, Presibiteri, Methodisti na wengine walikutana kutafuta namna ya kuwa kitu kimoja, wakamaliza kwa kushiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresibiteri wa Scotland. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alipopata habari aliwashtaki kwa askofu mkuu wa Canterbury maaskofu wenzake wawili, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, kwamba wametumbukia katika uzushi. Ni rahisi kumwona Weston mtu wa roho ngumu. Lakini alikuwa akiuliza jambo la haki: kama askofu amerithi kazi ya mitume kwa kuwekewa mikono, anaweza kuiweka kando siku moja ili watu wapatane? Na mtu huyo huyo baadaye alitembea na wapagazi wa Zanzibar katika Vita ya Kwanza ya Dunia, akawaongoza yeye mwenyewe, na mwaka 1920 akaandika kuipinga serikali ya nchi yake kwa kuwatumikisha Waafrika kazi ya shokoa. Sikubaliani naye kuhusu Kikuyu. Ninamheshimu, kwa kuwa mamlaka aliyoitetea aliibeba pia mabegani.

Matendo 15 inaonesha mamlaka ikifanya kazi. Kuna mzozo mkubwa Yerusalemu. Petro anasimama na kunena, mkutano unanyamaza, Barnaba na Paulo wanasikilizwa, mwisho Yakobo anatoa shauri, na mitume, wazee na kanisa lote wanakubaliana. Mkatoliki husoma hapa akamwona Petro. Mwenye kupinga Upapa husoma akamwona Yakobo. Mimi huona watu waliosikilizana mpaka mwisho, na barua fupi iliyotumwa ili kuwapunguzia wengine mzigo.

Kanuni ya tano na ya mwisho: ukishindwa kwa hoja, utafute mwenye nguvu. Hii imeshajaribiwa, na matokeo yake yanajulikana.

Mwaka 1879, barazani kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, walikutana Alexander Mackay, fundi Mskoti wa misheni ya Anglikana, na Padre Lourdel, Mfaransa wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Mackay aliongoza sala, Lourdel akakataa kupiga magoti. Kabaka akauliza sababu. Padre akajibu kwamba hawezi kuungana na dini isiyo ya kweli, na mbele ya wakuu wa nchi na wafanyabiashara Waarabu waliotoka pwani, wahubiri wawili wa Kristo mmoja wakaanza kukanushana. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za baraza lile. Yawezekana ubishi ule wa kanisa la kweli ulitumia maneno haya haya tunayoyatumia msibani. Mutesa alichanganyikiwa. Alitaka kujua kama kila taifa la wazungu lina dini yake, na yeye atajuaje iliyo sahihi. Hakujibiwa.

Vijana wa ikulu walijifunza kwa wote wawili. Kati ya 1885 na 1887 Mwanga, mwana wa Mutesa aliyemrithi, aliwaua waumini 45 tunaowafahamu kwa majina, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Walio wengi walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, wa pande zote mbili siku moja. Wenzao waliobaki walifukuzwa nchini pamoja mwaka 1888 wakakimbilia Ankole, wakala njaa pamoja, wakarudi pamoja.

Waliporudi walikuta kuna vyeo vya kugawana. Vikundi vyao viliitwa Wafransa na Waingleza, majina ya nchi za wamisionari, na kila kimoja kilikuwa na bunduki. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza aliwagawia Waprotestanti bunduki, akafyatua bunduki za rashasha za Maxim kuwasaidia. Kanisa la Wakatoliki kwenye kilima cha Rubaga liliteketea. Wakatoliki walisukumwa kwenda Buddu, na mpaka leo Buddu, nchi ya Masaka, ni ya Wakatoliki kuliko sehemu nyingi za Uganda. Miaka sita haikuwa imetimia tangu Namugongo.

Luka 22 inasimulia kwamba mitume walishindania nani mkubwa wao, na walishindania jambo hilo mezani, mara tu baada ya kupewa mkate na kikombe. Bwana aliwajibu kwa kuwaambia aliye mkubwa awe kama aliye mdogo, na mwenye kuongoza awe kama mtumishi. Mstari huo sijawahi kuusikia kwenye ubishi wowote.

Shangazi alizikwa siku ya tatu, saa tisa alasiri. Mchungaji alisali nyumbani, padre akaongoza kaburini, na mashemeji wote wawili walishika majembe.

Msomaji, kama una ubishi unaokusubiri, nakusihi kwanza uende Namugongo, au usome habari zake kama nauli haipo. Kuna mahali pawili pa kuhiji, pa Wakatoliki na pa Waanglikana, na unaweza kutoka pa kwanza kwenda pa pili kwa miguu. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2015 Papa Fransisko alifika hapo. Alianza kwa Waanglikana, akasali mahali walipofia mashahidi wao, ndipo akaenda kuadhimisha misa kwa Wakatoliki.