Mizani ya Somanda: washairi kumi tuwapime kwa maisha, beti baadaye

Hapa Somanda neno mizani lina maana mbili, na zote mbili zinagombanisha watu. Kuna mizani ya kununulia pamba: mkulima anaikodolea macho, karani anaikodolea macho, na kila mmoja anasoma kilo zake. Halafu kuna mizani ya washairi, ile ya kuhesabu silabi, kumi na sita kwa mstari. Punguza moja uone wazee watakavyokutazama, utadhani umeuza ng'ombe wa mahari.

Leo natumia ya tatu, nimeiazima kwenye ngoma. Kila Msukuma anaujua ushindani wa Bagalu na Bagika, makundi yaliyotokana na Gumha na Ngika tangu karne ya 19. Mavuno yakishaingia ndani, pande mbili zinacheza uwanja mmoja, saa ileile, bila refa wala kadi nyekundu. Mshindi ni yule aliyekimbiliwa na watu. Imba kama malaika. Umati ukihamia kwa jirani kumtazama nyoka wake, umeshindwa, kunja ngoma zako.

Basi nimechukua washairi kumi (na nusu, utaona) nikawapanga kwa kanuni hiyo. Tungo sipimi. Swali ni moja: mtu huyu akisimama uwanjani akasimulia alivyoishi, upande wa pili utabaki na watu? Msaidizi wangu ni dereva wa bodaboda wa pale stendi. Hajasoma diwani hata moja, kwa hiyo hana upendeleo.

10. Shaaban Robert

Wekeni mawe chini kwanza. Najua. Shuleni tulimsoma sote, na kwa tungo hakuna wa kumgusa. Lakini tumesema maisha! Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafariki 1962, na miaka mingi ya katikati alikuwa karani: kwanza forodha, mwishoni ofisi ya upimaji ardhi. Karani, jamani. Kalamu, mhuri, faili, chai ya saa nne. Kila kilichoingia bandarini alikitoza ushuru, isipokuwa maneno. Hayo aliyapitisha kwa magendo usiku.

Hukumu: diwani namba moja, uwanjani namba kumi. Mwenye hasira aendelee kusoma, zitapoa.

9. Emily Dickinson

Mmarekani wa mji wa Amherst, aliyejifungia kwao mpaka wageni wengine akawa anaongea nao akiwa nyuma ya mlango. Alipofariki mwaka 1886, dada yake akakuta lundo la mashairi. Yote kwa jumla yanakaribia 1,800, na yaliyochapishwa akiwa hai ni kama kumi tu, tena bila jina lake.

Maisha haya Somanda hayawezekani. Siku ya kwanza hujaonekana, jirani anapiga hodi. Ya pili, mjumbe anapiga hodi. Ya tatu wanakuja kina mama wa jumuiya na chupa ya uji, na ya nne daftari la michango ya matibabu yako linazunguka mtaani. Mashairi 1,800 utayaandika saa ngapi?

8. Lord Byron

Chuo chake cha Cambridge kilikataza wanafunzi kufuga mbwa, naye akaenda kufuga dubu. Sheria haikutaja dubu.

Dereva wangu aliuliza dubu ndiye nani. Nikamwambia fikiria fisi, mzidishe mara tatu, mpe manyoya. Kuanzia hapo hakutaka kusikia mshairi mwingine. Nilimweleza kwamba Byron alikwenda Ugiriki kusaidia vita vya uhuru, homa ikamuua mwaka 1824 akiwa na miaka 36 kabla hajapiga risasi ya maana. Hakujali. "Dubu alibaki na nani?"

7. Kaluta Amri Abedi

Huyu ni wetu, na hapa naomba nikae kidogo. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa mhubiri wa Ahmadiyya, na mwaka 1954 akatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, vina na mizani vikiwa mahali pake kama matofali. Kisha akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Kisha, shikilia kofia yako, akawa Waziri wa Sheria. Wengine wanatunga mashairi, wengine wanatunga sheria. Yeye alitunga sheria za mashairi, halafu akapewa na mahakama. Sijui nani angethubutu kuleta shairi lenye kina kilichopinda mezani kwake.

Alifariki mwaka 1964, mapema mno. Miaka kumi baadaye, Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa letu, akatoa *Kichomi*: mashairi huru, hayana vina, hayana mizani, hayaombi radhi. Wanamapokeo walipandisha mashetani. Ugomvi ukarindima kwa miaka, na mpaka leo ukitaka kuvuruga kikao cha walimu wa Kiswahili, taja tu kitabu hicho kisha uketi unywe soda.

Hao ndio Bagalu na Bagika wa ushairi wa Kiswahili. Bahati mbaya Kaluta na Kezilahabi hawakukutana uwanja mmoja. Ningelipa kiingilio, tena viti vya mbele.

6. Luís de Camões

Mreno. Jicho moja alilipoteza vitani Afrika Kaskazini, akafungwa Lisbon kwa kumjeruhi mtumishi wa mfalme kwenye ugomvi wa barabarani, akapelekwa Uhindi. Safari ya kurudi ikamkwamisha Kisiwa cha Msumbiji, hana senti, analishwa na marafiki, mpaka wapita njia wakamchangia nauli. Utenzi wake mkubwa, wa safari ya Vasco da Gama, ulichapishwa mwaka 1572, na pwani yetu imo: Malindi wanasifiwa kwa ukarimu, Mombasa wanachorwa kama wasaliti.

Yeye mwenyewe kwenye safari hiyo hakuwemo. Ilifanyika kabla hajazaliwa. Watu wa Mombasa, kesi mnayo.

Hukumu: nani kati yetu hajawahi kukwama ugenini akisubiri wa nyumbani watume nauli? Anapita.

5. Arthur Rimbaud

Mfaransa aliyeandika mashairi ya kubadili ushairi wa kwao, akaacha akiwa na miaka kama 20. Aliacha moja kwa moja, kama mtu anavyoacha sigara. Na alikwenda wapi? Paris? Thubutu. Alikuja huku kwetu: Aden, halafu Harar, Ethiopia, kufanya biashara ya kahawa na ngozi.

Kisha akapata wazo la utajiri. Anunue bunduki, azisafirishe kwa ngamia kutoka pwani ya Tadjoura, jangwa lote lile, akamuuzie Menelik, mfalme wa Shewa. Washirika wake wakafa hata msafara haujaondoka. Akaenda peke yake, miezi minne njiani. Alipofika, mzigo umeshashushwa, hana pa kuurudisha, Menelik akamtajia bei yake. Bei ya chini. Na juu yake wakajitokeza wadai wa marehemu mshirika wake, kila mmoja na karatasi.

Nilipofika hapo, wazee wawili waliokuwa wakisikiliza pembeni waliacha kutafuna michembe. Hawakuhitaji maelezo ya Kifaransa. Mtu amelima, amepalilia, amepulizia dawa, amevuna, amebeba mzigo wake mpaka kwenye mizani, na bei inatoka kwenye mdomo wa mnunuzi. Mkononi inabaki stakabadhi na deni la pembejeo. "Huyo," mmoja akasema, "ni mkulima wa pamba kabisa."

Alifariki Marseille mwaka 1891, mguu mmoja umekatwa, umri miaka 37. Tungo za ujana wake zilikuwa zinaanza kuwa maarufu huko Ufaransa bila yeye kufaidi chochote. Nilitaka kumpa namba tatu. Nimemshusha kwa kosa moja: mtu mwenye kipaji kile huachaje?

4½. Mwana Kupona binti Msham

Huyu anaitatiza kanuni yangu, ndiyo maana ana nusu. Mumewe alikuwa Sheikh Mataka wa Siyu, mtu aliyewasumbua masultani wa Unguja mpaka kaburini. Mwaka 1858 hivi, mjane huyu, mgonjwa, akakaa chini kumwandikia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wosia: mche Mungu, ishi vizuri na watu, mtunze mume. Hakuandikia umati. Aliandikia msichana mmoja.

Umati ukaja wenyewe, na haujaondoka tangu hapo. Sasa kwa kanuni za ngoma, mtu ambaye hakuingia uwanjani na bado amejaza uwanja, mnampa namba ngapi? Semeni nyie. Kina dada wa leo wana maneno yao kuhusu ushauri ule wa mume, na hapo mimi ninyamaze, kwa sababu nyumbani narudi.

4. Muyaka bin Haji

Mfanyabiashara wa Mombasa aliyefariki yapata 1840, na aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni: siasa, mapenzi, njaa, bei, umbea. Mji ukigombana na Lamu au na Sultani, Muyaka alikuwa mbele kuchamba kwa beti. Kwa maneno Mombasa haikuwahi kushindwa. Kwa silaha, hebu tutazame: yapata 1812 ikapigwa vibaya Shela na watu wa Lamu, mwaka 1837 ikaangukia mikononi mwa Seyyid Said.

Mashabiki wa soka wenye kelele mtandaoni na timu iliyoko nafasi ya tisa, babu yenu huyu hapa.

3. Okot p'Bitek

Mtoto wa Gulu, Uganda, alizaliwa 1931. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya soka ya Uganda, timu ambayo wachezaji wake wengi walicheza peku kwenye majani ya baridi. Mechi zikaisha. Wenzake wakapanda ndege, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, anthropolojia Oxford. Ikumbukwe, alitumwa kufunga magoli.

Mwaka 1966 akatoa wimbo wa Lawino, mke wa kijijini anayemsema mume aliyesoma mpaka akaanza kudharau kwao. Yaani msomi wa Oxford amekaa akamtunga mwanamke wa kuwachana wasomi. Akaongoza ukumbi wa taifa wa maonyesho Kampala, akakosana na wakubwa, akaishi Kenya miaka mingi. Mpira, sheria, ngoma, uhamisho. Dereva alisita kidogo kuhusu dubu.

2. Fumo Liyongo

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, namjua Ng'wanamalundi, na ndiyo, husimuliwa kwamba akinyoosha kidole mti unakauka. Lakini huyo wetu alisifika kwa kucheza. Hapa tunataka watunzi.

Liyongo wa Pate na Ozi, jitu la masimulizi ya pwani, alifungwa na mtawala aliyemwogopa. Gerezani akatunga wimbo wa mafumbo, kijakazi Saada akaupeleka kwa mama, mama akaufumbua: oka mkate wa wishwa, ndani yake weka tupa. Walinzi, kwa kuwa ni mkate wa kapuku, wakauacha upite. Kisha Liyongo akaomba achezewe ngoma ya gungu kwa mara ya mwisho. Mji mzima ukajaa, matari na pembe vikalia, na chini ya kelele hizo yeye akakereza minyororo.

Elewa vizuri: alijaza uwanja ILI atoroke. Kwa kanuni zetu za Bagalu na Bagika hilo ni goli la kisigino. Baadaye mwanawe mwenyewe akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, akafia kisimani amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakakosa maji kwa siku kadhaa kwa kuogopa maiti.

Kwa nini basi namba mbili? Mashahidi. Hatuna hata mmoja wa kuaminika, na mizani ya Somanda inadai stakabadhi.

1. Abdilatif Abdalla

Stakabadhi zipo. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, kijana wa miaka 22, akaandika kijikaratasi kikiuliza Kenya inakwenda wapi. Serikali ya Jomo Kenyatta ikamjibu kwamba yeye anakwenda jela. Hukumu ilikuwa miezi 18. Upande wa serikali ukaona ni kidogo, ukakata rufaa, ikawa miaka mitatu.

Humo ndani hakuruhusiwa karatasi. Akaandika kwenye karatasi za msalani, kwa siri, na mashairi yenyewe yana vina na mizani timilifu! Mimi nina meza, taa na daftari la kurasa mia mbili, na barua ya kuomba ruhusa ya siku moja inanitoa jasho. Alipotoka, mwaka 1973 mashairi hayo yakachapishwa kama *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata kitabu kikashinda tuzo kubwa ya fasihi ya Kenya.

Jina la tuzo? Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Mwenyewe alikuwa ameshavuka mpaka, yuko Dar es Salaam kwenye kazi ya Kiswahili. Baadaye BBC London, baadaye akafundisha Leipzig. Liyongo alihitaji mkate, tupa na ngoma ya mji mzima. Huyu alihitaji karatasi ya chooni.

Uwanja umehama, nimefunga hesabu. Ukipinga, nipo stendi jioni, upande wa wauza mahindi. Dereva wangu bado anamtaka yule wa dubu.