Huku Hakuna Nyongeza

Birmingham, Uingereza

Kwa Mama, Shangazi na wote wa nyumbani Majengo, Nairobi,

Mimi huku ni mzima, na baridi nayo ni nzima kuliko mimi. Ujumbe wa Kaka umefika. Anauliza inakuwaje mtu anayelipwa kwa pauni atume pesa kama anayeuza maji ya ndoo. Namheshimu Kaka, kwa hiyo namjibu kwa kirefu. Mama, msomee kwa sauti, na mlango uwe wazi, maana najua swali lenyewe limetoka kibarazani, si kichwani mwake.

Mjue kwanza kwamba mtoto wa Majengo akifika huku hana la kufunzwa juu ya kubana matumizi. Tumekulia nyumba ya korido, vyumba huku na huku, mita ya stima moja kwa wote. Mnamkumbuka Nyanya mwenye nyumba: pasi ikiwashwa chumba cha nne aliisikia akiwa kwenye mswala, na koili ya kuchemshia maji ya kuoga aliinusa kabla haijapata moto. Basi Nyanya nimemkuta huku. Safari hii ni kisanduku cha kioo kilichokaa jikoni, kimeungwa na mita ya stima na gesi, kinaonyesha pesa zinavyokutoka, peni kwa peni. Matumizi yakiwa madogo kinawaka kijani. Washa birika uone, kinageuka chekundu na kukukodolea macho. Ubaya wake ni mmoja tu: hakitoki. Nyanya alikuwa akienda harusini Shauri Moyo, na nyumba nzima tunapiga pasi.

Ajabu ni kwamba wenyeji hawakiogopi. Mwingereza akitaka chai ya kikombe kimoja, anajaza birika zima, anachemsha, anamimina kidogo, anaenda zake. Saa moja baadaye anarudia. Birika lililojaa linakula kama peni nne au tano kila likichemka, na watu hawa wanakunywa chai kama waliilima wao. Mimi nikanunua chupa ya chai, nikawa nachemsha mara moja asubuhi mambo yakaisha. Wenzangu ninaopanga nao walipoiona mezani wakaniuliza nasafiri kwenda wapi. Kwao chupa ni ya kupandia milima.

Kaka pia ataniuliza kuhusu chakula. Duka la huku halipimi. Hakuna mashine ya kukukamulia mafuta ya salad ya shilingi ishirini, wala sukari ya robo. Kitu kimefungwa, ukipenda chukua, usipopenda acha. Ila chini ya kila bei kuna maandishi madogo sana yanayosema kilo moja inakugharimu ngapi, na nimeyasoma hadi macho yanauma. Yanasema kile Mama alichokuwa akisema kila Ramadhani: mwenye uwezo wa kubeba gunia hununua rahisi, mwenye kupimiwa hununua ghali. Na msidhani mambo hayo yako Majengo peke yake. Huku pia kuna mita za tokeni, na nyingi ziko kwenye nyumba za wasio na kitu. Kwa miaka mingi mwenye mita hiyo alilipia stima ghali kuliko anayekatwa pesa benki kila mwezi, mpaka serikali ilipoiondoa tofauti hiyo mwaka 2023. Tajiri alikopeshwa stima kwa bei nafuu, maskini alilipa mbele na kuongezwa juu. Nilipoelezwa nilijisikia nyumbani kabisa.

Tumaini letu ni stika za manjano. Jioni mfanyakazi wa duka hutoka na kimashine, akabandika bei mpya kwenye vyakula ambavyo tarehe yake imefika. Watu huwa wameshafika, lakini hapa adabu haikuruhusu uonekane unangoja. Kwa hiyo kila mmoja anajitia shughuli. Juzi bibi mmoja, mwenye koti zuri na lulu masikioni, alisoma maandishi ya kopo la mtindi kwa muda ambao maalim angemaliza juzuu nzima. Stika ya kwanza ilipogusa kuku, mkono wake ulipita mbele ya uso wangu nikahisi upepo. Belo la mitumba likifunguliwa soko la Gikomba alfajiri watu hupigana viwiko, wakatukanana, wakacheka. Hapa viwiko ni vilevile, ila kila kimoja kinakuja na samahani yake.

Sasa nifike panaponiuma. Nyumbani ukinunua kwa mama mboga mmoja mwaka mzima, unapata haki zako. Sukuma wiki ya ishirini inakatwa, halafu inatupiwa majani mawili juu. Dania haihesabiwi. Baba akichelewa kulipwa, mama mboga amejua kabla yetu, na daftari linafunguliwa bila maneno. Huku mteja wa siku nyingi ndiye kitoweo. Kampuni moja ya intaneti, sitaitaja, ilinipandishia bei mkataba ulipoisha, na wiki hiyohiyo ikatangaza bei ya chini kwa wageni. Nikapiga simu kuuliza. Dada wa watu akanieleza kwa upole kwamba hiyo ni ya wateja wapya. Nikamwambia basi nahama. Mama, sauti ilibadilika! Nikapelekwa idara nyingine, ambayo kazi yake, nilikuja kujua, ni kuwabembeleza wanaoondoka. Bei ikashuka kuliko hata ya wageni. Yaani huku kupatana bei kupo, ila lazima kwanza uwe umeshika mlango. Kwenye bima za magari na za nyumba mchezo huo ulizidi hadi wasimamizi wa mambo ya fedha wakaupiga marufuku kuanzia Januari 2022. Ilibidi sheria itungwe ili mteja wa zamani asitozwe zaidi ya mgeni! Mama mboga wa barabara ya Digo hakuhitaji kuambiwa hilo na serikali.

Msiniambie kuhusu kadi za wateja. Ninazo. Tesco ilianza yake mwaka 1995, na sasa bidhaa zao nyingi zina bei mbili, ya mwenye kadi na ya asiye nayo. Kadi inajua nanunua nini na saa ngapi. Mama mboga naye alijua, lakini kadi haijawahi kuniuliza mbona siku hizi nanunua unga tu.

Mahali ninapopumua ni soko la wazi la Bull Ring, hapa mjini. Vitu vinapangwa kwenye mabakuli, kama mafungu yetu, na wauzaji wanapaza sauti: bakuli pauni! Mmoja amezoea kuniona Jumamosi. Mwezi jana alinimiminia nyanya mfukoni, kisha akatupia ndimu mbili bila kusema neno. Nilimwombea dua yeye na kizazi chake.

Kaka, umeomba jaketi la baridi kutoka Ulaya. Nalijibu hilo kwa uzito wake. Nguo watu wanazozitoa huku huuzwa kwenye maduka ya hisani kama ya Oxfam. Zisizonunuliwa huuzwa kwa kilo, huchambuliwa, hufungwa belo na kupandishwa meli hadi Mombasa. Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazouza nje mitumba kwa wingi duniani. Jaketi nililoliona dukani ni pauni kumi na mbili, na posta inataka zaidi ya hizo kulileta. Wewe uko hatua chache tu kutoka Gikomba. Amka mapema, simama belo linapofunguliwa, ukaze viwiko. Ukipata kubwa lenye kofia na mifuko ya ndani, na likiwa kamera kweli, lile la daraja la kwanza, chukua mawili, unitumie moja.

Pesa za mwezi huu nimeshatuma. Zimeingia kwenye M-Pesa ya Mama. Usimwombe simu.