Soda Yenye Ladha ya Chuma

Ugomvi nyumbani kwetu Tunduma ulianzia kwenye soda. Mama alipiga funda moja, akatema, akasema imehifadhiwa kwenye ndoo yenye kutu. Mke wangu akafungua nyingine mbele ya macho yake. Nayo ikawa chuma. Mke wangu akaionja. "Mama, mbona nzima?" Hapo yakaanza maneno: mkamwana anabishana na mkwewe, mzee amechokwa humu ndani. Jioni hiyo Mama alikula chakula kwa dada, nyumba ya pili.

Siku chache nyuma alikuwa ametoka Mbeya kwa daktari wa macho. Ana presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia ya kutokea ikiziba, shinikizo hupanda na kuua taratibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Sehemu iliyokufa haifufuki. Tusidhani ni maradhi ya wachache: utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta wagonjwa wapatao 4 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Matone peke yake yalikuwa hayatoshi kwa Mama, ndiyo maana akaongezewa vidonge vya asetazolamaidi vipunguze utengenezwaji wa maji hayo huku akisubiri upasuaji.

Baada ya soda vikafuata vidole. Vilimchonyota mikononi na miguuni, akasema ni sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Shangazi akaona dalili za kiharusi. Mwingine akataja mkono wa mtu. Jirani, kwa moyo mwema kabisa, akaleta aspirini, akashauri Mama anywe mbilimbili asubuhi na jioni damu ipate kutembea.

Mke wangu ndiye aliyeokoa jahazi. Alichukua aspirini, matone, vidonge na cheti, akavitia vyote kwenye mfuko mmoja, akaenda duka la dawa lenye mfamasia. Mfamasia huyo alisoma jina la vidonge, na kabla hajaambiwa lolote akauliza, "Soda anaionaje?"

Mke wangu alirudi amenyoosha mabega, akatuketisha wote sebuleni, Shangazi akiwemo. Ladha ya chuma, hasa kwenye vinywaji vyenye gesi, ni ya dawa. Mchonyoto wa vidole ni wa dawa. Uchovu, kukosa hamu ya kula na kukojoa mara kwa mara, vivyo hivyo. Wapanda Mlima Kilimanjaro wanaomeza dawa hii kujikinga na ugonjwa wa kimo hulalamikia vidole hivyohivyo. Aspirini ndiyo iliyokuwa hatari: ikinywewa kwa wingi pamoja na asetazolamaidi inaweza kuifanya damu kuwa na asidi kupita kiasi, mgonjwa akachanganyikiwa, akasinzia, akahema mbiombio. Na mwenye maradhi ya figo au ini, au mwenye selimundu, lazima amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Mambo haya alipaswa kuelezwa Mama siku ileile anapewa dawa, kwa maneno anayoyaelewa. Naamini hivyo kwa dhati. Mgonjwa asiyejua atakachokiona mwilini atatafuta mchawi, au ataacha dawa.

Na Mama alikuwa ameacha. Mke wangu alipohesabu vidonge, vilikuwa vingi kuliko inavyotakiwa. Mama akafungua pindo la kanga na kutoa vingine. Vya usiku alikuwa hamezi, maana choo chetu kiko uani na usiku Tunduma kuna baridi. Mtu wa miaka yake hawezi kutoka kila saa gizani. Ndipo akasema pia kwamba jicho linamuuma, na taa anaiona imezungukwa na pete za rangi. Tuliondoka alfajiri kwenda Mbeya, tukipenya foleni ya malori ya mpakani.

Daktari hakumgombeza. Alipima, akatibu, akapanga upya saa za vidonge ili cha mwisho kisiangukie wakati wa kulala, akamwagiza anywe maji ya kutosha, kwa sababu dawa hii huweza kuleta mawe kwenye figo. Akatugeukia mimi na dada: presha ya macho hutembea katika ukoo, nasi tukapimwa palepale.

Siku ya upasuaji, kwenye benchi la kusubiria, mzee mmoja kutoka Mlowo alikuwa anasugua vidole vyake akinuia kutupa vidonge kama vya Mama. Mama akamsogelea.

"Shikamoo, kaka. Usitupe. Ukiingia ndani mwambie daktari habari za hivyo vidole." Kisha akakumbuka jambo ambalo mke wangu alikuwa amelirudia sana: vidonge hivi ni jamaa ya dawa za salfa. "Na zile dawa za salfa, Septrin na wenzake, zimewahi kukutoa malengelenge?"

Mzee akafikiri. Ndiyo, mara moja, na midomo ilivimba. Mama alikwishanyanyuka, anamwita nesi.