Mirihi Haikosi Kazi

Tumwonee huruma marehemu Michel Gauquelin, mtafiti wa unajimu. Mwaka 1955, huko Ufaransa, alitangaza kwamba Mirihi inawajali mabingwa wa michezo, baada ya kuhangaika na masjala za vizazi, akinakili saa za kuzaliwa moja moja.

Mtafiti wa leo amestarehe sebuleni. Anaipa programu ya unajimu orodha ya wapishi, anabofya, nayo inapima sayari 10, buruji 12, nyumba 12 na kila pembe iliyo baina ya sayari hizo. Kwa kigezo cha asilimia 5, kila vipimo 1,000 hung'arisha 50 hivi kwa bahati tu, hata ukiingiza namba za simu. Ukarimu ulioje! Mvuvi gani wa nyavu elfu hurudi mikono mitupu?

Umakini nao upo. Saa ya kuzaliwa yenye cheti hupewa daraja AA. Yenye utata, DD. Dakika huthibitishwa kwa cheti; maana ya dakika hiyo, kwa kubofya tena.

Matokeo yakigoma, unabadili mfumo wa nyumba: Placidus, Koch, Regiomontanus. Wajaribu dawa, masikini, hutakiwa kusema mapema wanatafuta nini. Hawajapata menyu kama hii.