Heko, Tambi za Mwani

Wali wa nazi una washairi wake. Biriani lina wapiga debe kila arusi, na hata muhogo wa kuchemsha haukosi mzee wa kuutetea. Tambi za mwani hazina mtu. Mimi niliyezila asubuhi, nikazikuta mchana, kisha nikaletewa kiporo chake usiku, naona haya kunyamaza ilhali ushahidi wote ninao tumboni. Au tuseme ningekuwa nao, laiti zingekubali kukaa.

Huuzwa Marekani, kwenye majokofu ya maduka ya vyakula vya afya, ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji. Nyingi hutengenezwa Korea Kusini. Ni nyuzi nyembamba zinazopitisha mwanga, na lebo yake imeandikwa vitu vitatu tu: maji, kelpi, ambayo ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi, na aljineti ya sodiamu, ambayo nayo hutolewa kwenye mwani huohuo wa kahawia. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyetupokea Los Angeles kwa moyo nisioweza kuulipa, ameingia katika madhehebu ya wala vibichi. Chakula kikipita nyuzi 48 hivi za joto, kwao hicho ni maiti. Jiko la nyumba ile limewekewa vyungu vya maua. Humo ndimo tambi zilimotawazwa, maana mlo wake, kwa ahadi ya kila anayezihubiri, ni wa dakika kumi.

Nianze na fadhila yake kubwa, unyenyekevu.

Karibu kila chakula nilichokulia kina majivuno. Samaki wa kukaanga anajitangaza tangu mtaa wa pili. Dagaa, usiseme. Wali ukikosa chumvi unakuumbua mbele ya wageni. Tambi za mwani hazijatangaza lolote tangu ziumbwe. Harufu hazina, rangi hazina, ladha zimewaachia wenye haja nayo. Ukizimwagia mchuzi wa lozi na tangawizi, ni lozi na tangawizi. Ukizikamulia ndimu, ni ndimu. Ukizisahau kwenye bakuli hadi kesho yake, unazikuta palepale, hazikuchacha, hazikulainika, wala hazikununa. Mdomoni zinakatika kwa mlio, mithili ya mshipi wa kuvulia uliokwisha kata tamaa, kisha zinateremka bila kukuachia kumbukumbu. Zikifika tumboni, unyenyekevu wake unapanda daraja la mawalii: mlo mmoja, kwa mujibu wa lebo, ni kalori 6. Tende moja inauacha mbali. Basi aliyezila hawezi kusema amekula, na hawezi kusema hakula, kwa kuwa taya zinamuuma. Nimejiuliza kama aliyefuturu kwazo amefuturu. Hilo nawaachia masheikh, ila nahisi nao wangemshauri aongeze tende, kwa tahadhari.

Tazama faida yake katika ukarimu. Mwenyeji hafilisiki. Mgeni habebi deni, maana mtu hadaiwi fadhila ya kitu ambacho tumbo lake halikukisajili. Wahenga waliagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu. Hapa siku ya kwanza tu, adhuhuri haijapoa, mgeni analitafuta jembe mwenyewe akalime chochote kinacholiwa. Wakorea, wanaozijua kuliko sisi sote, wamezipa cheo chake cha haki: katika mikahawa ya samaki mbichi hutandazwa sahanini, minofu ikapangwa juu yake. Samaki analiwa, tandiko linabaki. Wamarekani wamemwondoa samaki, wakala tandiko.

Fadhila nyingine nizitaje mbiombio. Haziungui. Hazishiki ukoko. Watoto hawaziibi. Aljineti iliyomo ni jamaa wa ile anayokujazia daktari wa meno mdomoni kuchukua umbo la meno yako, kwa hiyo mlo unaweza kuhesabiwa kuwa ni matibabu. Ndiyo hiyohiyo hutiwa kwenye rangi za kuchapia vitambaa vya pamba ili ziwe nzito, zisichuruzike. Mwenye kula tambi, kwa namna fulani, amevaa.

Na wepesi wake! Zile dakika kumi huanza jana yake jioni, pale korosho zinapolowekwa ili kesho zisagike ziwe mchuzi. Asubuhi tambi zinatolewa mfukoni, zinasuuzwa, zinakatwa kwa mkasi kwa sababu kisu kinateleza. Zikiliwa hivyo taya hugoma, kwa hiyo zinarudishwa majini, safari hii pamoja na ndimu na magadi soda. Povu linapanda, ndimu na magadi vinaivuta kalisi, madini yaliyozikaza nyuzi, nazo zinalegea. Kisha karoti zichongwe, kabichi nyekundu ichambuliwe, tangawizi ikwaruzwe, parachichi libonyezwe kama limeiva, halijaiva, litafutwe jingine, na mashine ya kusagia ipige kelele hadi majirani wajue kwamba leo hakuna kinachopikwa. Mama ntilie wa Kariakoo kwa muda huo angekuwa ameshachemsha maharage, amelisha foleni nzima na anasugua sufuria.

Kuna jambo shemeji hapendi nilitaje mezani. Ili mwani wa kahawia utoe aljineti, kiwandani huloweshwa magadi na kupashwa moto ndipo uchujwe. Umeshapikwa, tena na watu wasiojua chumvi. Korosho nazo ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, hivyo hupigwa mvuke au huchomwa kabla ya kubanguliwa, hata hizo zinazouzwa kwa jina la mbichi. Ukilihakiki bakuli kwa uadilifu, waumini wa kweli mle ni karoti na kabichi.

Ningecheka hivi hadi mwisho. Ila siku moja tulikuwa dukani, shemeji akageuza pakiti ya maziwa ya lozi, akasoma maandishi madogo, akairudisha kwenye rafu na kufuta mikono.

"Hapana, shemeji. Hii ina karajini. Sumu hiyo."

Mimi kwetu Jambiani. Karajini ni kamasi ya mwani mwekundu, nami naijua tangu haijapata jina hilo, ingali mwani uliolala uani juu ya makuti, kuku wanafukuzwa wasiukanyage.

Ukulima wa mwani wa biashara ulianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameuchunguza mwani wa pwani yetu na kuupigania tangu miaka ya 1970. Wakulima wengi ni wanawake. Maji ya bamvua yakipwa wanaingia na vigingi na kamba, wanafunga kipande kimoja kimoja, mgongo umeinama, jua juu, chumvi hadi magotini. Baada ya wiki sita hivi wanavuna na kuanika, na kilo kadhaa za mbichi zinanyauka kuwa moja kavu. Kwa miaka mingi kilo hiyo ya spinosum, aina moja ya mwani huo, ililipwa shilingi za kuhesabika kwa mamia. Cottonii, aina nyingine yenye bei nzuri zaidi, maji yalipozidi joto ikawa inafia kambani. Kilichobaki kinapanda meli, kinafanywa karajini ughaibuni, kinaingia kwenye aiskrimu, dawa ya meno na maziwa ya chokoleti.

Halafu wasoma lebo wakaamka na maoni yao. Mwaka 2014 kampuni moja kubwa ya maziwa ya mimea Marekani ikatangaza kuiacha karajini kwa sababu wateja wanailalamikia. Novemba 2016 bodi inayoishauri wizara ya kilimo ya nchi hiyo kuhusu vyakula vya kilimo hai ikapiga kura itolewe kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Mwaka 2018 wizara ikakataa ushauri huo, ikaibakiza. Mamlaka yao ya chakula na dawa imekuwa ikiiruhusu muda wote huo. Katika zogo lote hilo sikusikia mtu akiuliza anayefunga kamba Paje atakula nini. Kamasi ya mwani wa kahawia, inayouzwa ghali kwenye mfuko wa tambi, ni uzima. Kamasi ya mwani mwekundu, iliyofungwa na mikono ya mama zetu, ni sumu. Hizi ni akili gani? Mtu anajua kila herufi iliyoandikwa nyuma ya pakiti, na bahari iliyotoa kitu chenyewe hawezi kukuonyesha kwenye ramani. Na huyu wangu anaweza! Amelelewa Unguja, amekanyaga mwani huo pwani, na bado alifuta mikono.

Nasi wa nyumbani tusijifiche. Tangu 2006 mtafiti Dokta Flower Msuya amekuwa akihimiza wanawake wasiishie kuuza mwani mkavu, na sasa wapo wanaotengeneza sabuni, jemu na juisi. Mgeni rasmi huishika sabuni hiyo mbele ya kamera, akaisifu, kisha akanawa kwa nyingine.

Hukumu yangu juu ya tambi haijabadilika: ni chakula bora kwa mtu aliyekwisha kula. Nawe shemeji, tukienda tena dukani, itie ile pakiti ya maziwa kikapuni, iliyo na karajini. Nitakunywa mimi. Jioni ukiniletea bakuli nitalimaliza, ila na mkate.